Kuku, Mwambie Mama Huyu

Ruhusa ya kuandika haya niliiomba kwa mwenyewe, na jibu lililetwa na binti yake mpaka barazani kwangu Likombe. "Mama amesema andika. Ila amesema usijipambe."

Basi sijipambi.

Mimi ni mshauri nasaha wa barazani. Nilimaliza kidato cha nne kwa matokeo ambayo mama yangu, kila akiulizwa, alikuwa anajibu tu, "Amemaliza, amemaliza." Baadaye mradi fulani ukapita mjini, wakatafuta wanawake wa kufundishwa kusikiliza watu wenye shida zao. Jirani akanipendekeza kwa sababu moja: sina ninakokwenda, ukinitaka nipo. Wiki sita tulifundishwa ukumbini kule Ufukoni. Kwenye daftari niliandika kwa kalamu nyekundu kwamba siri ya mteja haitoki, nikapiga mstari chini yake mara mbili. Mradi ukaondoka, mimi na viti vyangu viwili vya plastiki tukabaki.

Lakini mbinu yangu haikutoka kwenye daftari. Ilitoka kwa bibi aliyenilea, ambaye alikuwa mtani hodari wa msibani. Kwetu watani wana ruhusa yao. Mtu akifa katika ukoo wa watani wako unakwenda, unavaa nguo za marehemu, unaiga mwendo wake na kikohozi chake, mpaka wafiwa wanacheka na machozi bado yanawatoka. Na hakuna kukukasirikia. Kwa hiyo mteja akija kwangu amejikunja, nilikuwa namtania kidogo, anacheka, na lile lililomleta linatoka lenyewe. Wataalamu nadhani wana jina lao. Mimi niliiita kulegeza kamba.

Ndivyo nilivyomlegeza yule mama wa Mpapura. Alikuja na mihogo kwenye kikapu, akasema anaumwa kichwa. Nikamuuliza mumewe ni wa ukoo gani. Aliponitajia nikapiga makofi.

"Kumbe umeolewa na watani zangu! Basi, dada, shukuru ni kichwa tu. Hao wanaumiza mpaka kucha."

Akacheka. Kisha akalia, kisha akasema.

Mumewe alikuwa hasemi naye, mwaka wa tatu ule. Mbele za watu anamwita mke wangu, kwa sauti ya asali. Wakibaki wawili, anaongea na kuku wanaopita uani. "Kuku, mwambie mama huyu chumvi imezidi." "Kuku, mwambie mama huyu kesho nashinda kwenye mikorosho." Watoto wakitokea, asali inarudi.

"Hili hata mama yangu mzazi halijui," aliniambia. "Heshima yangu yote pale kijijini ni kwamba nimeolewa vizuri."

Alikuja mara tano. Mara ya mwisho tulipanga maneno atakayomwambia mumewe, akayarudia mpaka yakamkaa. Kabla hajapata kuyasema, mume akaanguka shambani, akafa.

Nikaenda msibani. Mimi, ambaye kwenda sokoni najiandaa siku mbili. Nilijiambia naenda kama mtani, na ndivyo nilivyopokelewa. Siku ya tatu, baada ya hitima, shemeji za yule mama wakanirushia kanzu ya marehemu na kofia yake.

"Haya mtani, mlete tumwone!"

Nikamleta. Nikauburuta mguu wake mzito, nikakohoa, nikafunua masufuria ya watu na kununa. Uani watu wanashika mbavu. Mjane alikuwa ameshakaa eda, yuko chumbani kwenye mkeka, mlango wazi. Naye nilimwona meno.

Ningeishia hapo. Ila mtu anayeshinda ndani mwaka mzima, siku akichekewa na ua mzima, akili inamhama. Kuku akapita miguuni kwangu. Nikainama, nikamnyooshea kidole.

"Kuku, mwambie mama huyu chai yake haina sukari!"

Walicheka, maana nilikuwa nimeshawawasha. Binti mkubwa wa marehemu hakucheka.

"Mbona kuku?" akauliza. "Baba alikuwa anaongea na kuku?"

Wifi mmoja akaguna. "Mimi nilimsikia siku moja nyuma ya nyumba. Nikadhani uzee."

Kicheko kikakatika vipande vipande. Mmoja mmoja wakageuka kutazama mlango wa chumba. Mjane hakuwatazama wao, alinitazama mimi. Kisha akavuta ushungi ukamfunika uso.

Hakuna aliyenigombeza, na hilo ndilo linalonichoma mpaka leo. Nilishikwa mkono, nikaambiwa, "Ahsante mtani, umetutoa machozi," nikapewa sahani ya wali na paja la kuku juu yake. Nikalila. Nimesema sijipambi.

Wiki mbili nilijifungia. Wateja wakaambiwa kwamba sipo, na hakuna aliyeamini. Kisha nikarudi Mpapura. Nilimkuta peke yake, yuko palepale kwenye mkeka. Kwa mazoea mdomo wangu ulishapata mzaha wa kuingilia. Nikaumeza.

"Umekuja kama nani?" akauliza. "Kama ni mtani, nimeshakusamehe. Desturi hainipi nafasi ya kukasirika. Kama ni mshauri, sema."

Msamaha ulikuwa pale, umeshaandaliwa, wa kubeba tu na kurudi nyumbani kwangu. Na niliutaka, sifichi.

"Kama mshauri," nikasema. "Ulinipa siri yako, nikaichezea watu uani. Nimekukosea, dada."

Hakujibu. Na mimi, kwa mara ya kwanza tangu nipewe daftari lile, sikutafuta cha kumchekesha. Nilikaa, naye akakaa. Ukimya ule ulikuwa mrefu na sikuugusa, na tangu siku ile ndivyo ninavyokaa na watu. Ikaadhiniwa alasiri. Akaswali, akamaliza, akavuta chupa ya chai, akamimina kikombe kimoja na kukisukuma mbele yangu. Kuku alikuwa amesimama kizingitini. Mama yule akamtazama yeye, si mimi.

"Kuku, mwambie mama huyu anywe chai, inapoa."

Nikanywa. Haikuwa na sukari.