Jicho la Mkunazi wa Ushirombo

Harufu ya makunazi yaliyokaukia juani ina utamu kidogo, uchachu kidogo, na vumbi. Nikikutana nayo sokoni hapa Kalangalala, Geita, mbele ya mama anayeyapima kwa kikombe, nasahau kilichonipeleka. Narudi Ngokolo, kwenye ua wa minyaa, nikiwa na miaka minane na kinyongo kikubwa kuliko mwili wangu.

Nilikuwa nimetolewa kwa bibi, Ushirombo, aliyenilea tangu mama yangu alipofariki. Baba alikuja kunichukua. Ndani ya basi alipakata furushi la vijiti vilivyofungwa kwa kitambaa kibichi, akanikataza hata kuliegemea. Nililionea wivu! Tulipofika Ngokolo alimkabidhi mkewe, Mama Kulwa, furushi lile, kisha akanikabidhi na mimi.

"Mvua zikiisha nitakuja kutoka Geita," aliniambia, maana kazi yake ilikuwa machimboni. "Kama hujapazoea, nitakurudisha kwa bibi yako."

Basi nikaanza kusubiri mvua ziishe, na hata hazijaanza vizuri.

Mama Kulwa alikuwa na pacha wachanga, Kulwa na Doto, mmoja mgongoni na mwingine akitambaa miguuni pake. Nilimwamkia shikamoo kila asubuhi, kwa adabu zote, lakini neno mama niliapa halitatoka. Sikutaka mama wa kupewa.

Kesho yake nilimkuta amechuchumaa mbele ya mkunazi mwitu uliojiotea kando ya bafu la nje, mti wa miiba na matunda ya kokwa tupu. Alichana gome kwa wembe, akapachika jicho la chipukizi alilolibandua kwenye kijiti, akalifunga kwa utepe wa mfuko wa rambo. Akarudia tawi la pili, na la tatu.

"Unafanya nini?"

"Naubebesha, ng'wanone," alijibu. Ng'wanone ni mwanangu kwa Kisukuma. Nikajifanya sijasikia.

Kwangu mimi kubebesha kulikuwa mbeleko tu. Nikauona mti umefungwa mgongoni mtoto asiye wake, nikamhurumia mtoto. Kila asubuhi nilikwenda kumchungulia, njiwa wakilia juu ya bati na ukungu wa mvua ukipita polepole, mpaka nikawa sijui naota au nimeamka. Macho mengine yalikauka. Moja lilibaki kijani, likatoa jani laini, jeupe upande wa chini.

"Limeshika," alisema Mama Kulwa, akacheka peke yake.

Lakini mti nao ulikuwa ukitoa machipukizi yake chini ya ule utepe, naye aliyakata kila yalipochomoza. Siku moja uvumilivu ukanishinda.

"Mbona unaua watoto wake mwenyewe, unalea wa kuja?"

Alimpangusa Doto kamasi. "Hao wamezaliwa hapa, mizizi ni yao. Ukiwaachia watamaliza maziwa yote. Na huyu mgeni anyonye."

Mvua zikaisha. Baba akaja na viatu vyake vyenye udongo mwekundu, akauliza, "Nikurudishe?"

Niliutazama mkunazi. "Bado haujazaa," nikasema. Baba akamwangalia mkewe. Mkewe akainamia sufuria.

Ulizaa mwaka uliofuata. Nililiuma kunazi la kwanza nikaganda pale pale. Ngozi nyembamba, nyama laini, ule utamu unaokuja mwishoni. Niliujua.

"Hili la bibi!"

"Ulidhani lile furushi lilikuwa la nini?" aliuliza Mama Kulwa. "Nilimwagiza baba yako avikate vile vijiti kwenye mkunazi wa bibi yako. Mtoto anakuja peke yake, nikaona angalau aje na mti wake."

"Mama," nikasema. Lilitoka lenyewe, mdomo bado umejaa.

"Abee," aliitika, kama mtu aliyezoea kuitwa hivyo na mimi siku zote.

Siku hizi nabebesha mikunazi yangu mwenyewe, kwa macho ninayoyafuata Ngokolo. Nikikaza utepe nakumbuka bakuli la maziwa ya mgando la kila jioni katika mwaka ule wa kwanza. Lilikuja kwangu kabla ya mtu mwingine yeyote pale nyumbani. Nilikuwa nalinywa nimenuna, nikisubiri mvua ziishe, kumbe nilikuwa nimeshashika.