Nyasi za Nyuma kwa Nyanya

Kila mwaka mvua zilipokwisha, sisi wa chini ya mlima Ndara tuliingiza mifugo kwenye pori lililokuwa kati ya nyumba zetu na mbuga. Ng'ombe walitangulia kula majani marefu, mbuzi wakafuata kumaliza vichaka na matawi ya chini. Kiangazi kilipokaza, miti ilikuwa imesimama juu ya ardhi karibu tupu, na moto wa mbugani ukija ulikosa cha kushika.

Mwaka mmoja wa hamsini na kitu, mjomba aliniachia kazi hiyo. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Kusoma nilijifunza mwenyewe, kwa vipande vya magazeti vilivyofungiwa sukari, na naungama kwamba kuliniharibu kidogo: niliamini kila kitu kianze kushoto, kiishie kulia, pasirukwe neno. Basi niliwalisha wanyama kwa mistari. Mbuzi akiruka mbele, nilimrudisha. Kichaka kikibaki nusu, tulikirudia. Nilikofika kulipendeza mno, lakini wiki tatu zilipita na nyuma ya nyumba ya nyanya nyasi zilikuwa bado zinanifika kiunoni. Mjomba aliponiuliza, nilijibu, "Pamekwisha."

Asubuhi moja tukaona moshi mbugani. Upepo ulikuwa mdogo, moto ungetufikia kesho yake. Nilikwenda kwa mjomba.

"Mjomba, kwa nyanya sijafika. Nilikudanganya."

"Wiki tatu ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa nawapanga mstari."

"Mbuzi? Unawapeleka kwaya?"

Nilingoja kofi. Badala yake aliweka mikono mdomoni akaita majirani. Kabla ya adhuhuri mifugo ya nyumba tano ilikuwa nyuma kwa nyanya, ng'ombe na mbuzi pamoja, bila mpango wowote. Walikula, wakasukumana, wakakanyaga. Kina mama walifyeka kwa panga vilivyobaki, wakiniimbia nyimbo za kwaya kila nilipopita. Niliona haya, halafu nikajikuta nacheka mpaka machozi. Sijawahi kuona fujo nzuri kama ile.

Nyanya hakucheka. Alikuwa ameketi uani juu ya kitanda chake, vyungu na kuku wake kando, tayari kuhamishwa. Nyumba ile ya nyasi aliijenga na marehemu babu.

"Itaungua?" aliniuliza.

Nilitaka kumpa jibu kamili. Nilisema, "Sijui, nyanya," nikachukua panga.

Moto ulifika siku ya pili mchana. Ulikuja na sauti kubwa hadi ukingo wa pori, kisha ukainama. Ulitambaa kwenye majani makavu yaliyoanguka, mfupi kama kidole, ukijaribu huku na kule, na sisi tukaupiga kwa matawi mabichi. Hatua kama arobaini kutoka ukuta wa nyanya ukazimika. Mtu alipiga kigelegele, kisha wote.

Tulirudisha vitu ndani. Kitanda tulikibeba mimi na mjomba, nikakisogeza kidogo, nikakirudisha, nikaangalia kama kimenyooka na ukuta.

"Weka tu!" nyanya alisema, akinisukuma nitoke njiani. "Nataka kulala kwangu."

Akapanda, akajinyoosha na miguu yake yenye vumbi, akafumba macho.