Usimwambie Bibi Yako

Mtaa mzima ulimwita Bi Dobi, ingawa kufua alikuwa ameacha siku nyingi. Ujana wake na utu uzima wake ulipita katika chumba cha kufulia cha hospitali, chini kabisa ya jengo, akipiga pasi mashuka na makoti ya madaktari. Alipostaafu magoti yalikuwa yameshamgomea, lakini mikono bado ilikuwa na hamu ya kazi. Akaweka meza ya pasi sebuleni, akawa anawapigia majirani nguo zao: suti za harusi, sare za shule, mashati ya vijana wanaokwenda kuomba kazi.

Mume wake alikufa mapema. Mtoto alikuwa na mmoja tu, fundi wa friji, mtu wa utani mwingi na mikono mikubwa. Hawakuwahi kukosana mpaka siku fundi alipomleta mchumba nyumbani. Mchumba huyo alikuwa na binti mdogo.

"Umepata mke na mzigo juu," Bi Dobi alisema. Hakunong'ona. Yule mtoto alikuwa mlangoni, anavua viatu.

Fundi aliinama, akamvisha mtoto viatu vyake tena, wakaondoka wote watatu.

Tangu hapo alikuja peke yake, kila Jumapili. Alikula, akatengeneza kilichoharibika, akamtania mama yake kwamba jikoni kwake hata panya wanavaa nguo zilizonyooshwa, kisha akaaga. Habari za nyumbani kwake hakuzitoa, na mama mtu hakuziuliza. Wakazoea hivyo. Halafu fundi akafa ghafla, mshipa umepasuka kichwani, na Bi Dobi akapata habari kila kitu kikiwa kimekwisha. Hilo lilimkaa kooni. Msibani alimpa mkwe wake mkono, lakini binti hakumpa, akampita kama mtu anavyopita kiti.

Ndiyo maana alishtuka mkwe alipompigia simu.

"Shikamoo mama. Nimehamishwa kazi, ni mbali kidogo. Ijumaa naenda kutafuta nyumba, nitarudi Jumapili. Nilikuwa naomba binti akae kwako."

"Kwangu? Hana pengine pa kwenda?"

"Ana marafiki, mama. Ni yeye mwenyewe aliyetaka kuja kwako."

Alikuja Ijumaa baada ya shule, mrefu kuliko Bi Dobi alivyomkumbuka, begi mgongoni na suruali iliyopasuka magoti yote mawili. Akaamkia vizuri, akavua viatu mlangoni, akavipanga.

"Hiyo suruali ilete nikuwekee kiraka," Bi Dobi alisema.

"Bibi, ilinunuliwa hivihivi."

"Dukani?"

"Dukani."

"Na mwenye duka hakuona haya?"

Binti akacheka, kisha akajizuia haraka, kama mtu aliyecheka msibani. Walikunywa chai. Bi Dobi akahamisha nguo za wateja kutoka kwenye kitanda cha zamani cha fundi ili mgeni apate pa kulala, na binti akasimama mlangoni akiangalia kitanda bila kuingia, mpaka alipoambiwa mara ya pili kwamba ndicho chake.

Jumamosi mchana, walipomaliza kula, Bi Dobi alianza kazi yake. Binti alimtazama kidogo kisha akaomba amsaidie.

"Unajua wewe? Shati la watu hilo."

"Najua kidogo."

Akalitandaza, akarushia maji kwa ncha za vidole, akaanza na kola, upande wa ndani, akitoka pembeni kuja katikati. Kisha mabega. Kisha mikono, akianzia kwenye vifungo. Bi Dobi alibaki anamwangalia. Ulikuwa mwendo wake mwenyewe, aliofundishwa kule hospitalini na mwanamke ambaye sasa ni marehemu. Duniani alikuwa amemwonyesha mtu mmoja tu.

"Nani kakufundisha hivyo?"

"Baba."

Neno lile lilimchoma. Kwake yeye huyu alikuwa mtoto wa kufikia, wala hajawahi kumsikia akimwita fundi jina lolote.

"Alikuwa anakupigia nguo?"

"Kila Jumapili jioni. Akitoka kwako anakuja kupiga pasi sare zangu za wiki nzima. Anatusimulia ulichopika, umemgombeza kwa nini. Mama alikuwa anacheka mpaka anashika mbavu." Aliligeuza shati. "Bibi, kuna kitu nataka nikwambie. Ndicho kilichonileta."

Bi Dobi akaichomoa pasi kwenye umeme. Binti aliongea akiangalia meza.

"Siku ile nilikuwa naye mimi. Mama alikuwa kazini. Baba alirudi mapema, anasema kichwa kinamgonga. Akalala kwenye kochi. Nikamwambia nimpigie Mama, akakataa. Nikasema basi nimpigie Bibi. Akasema, 'Usimwambie bibi yako, utamtia presha bure. Nikilala kidogo itapita.' Nikamwacha alale. Akaanza kukoroma. Alikoroma kwa nguvu, Bibi, siyo kama siku zote. Na mimi nilikuwa na mtihani kesho yake." Akalinyoosha shati kwa kiganja. "Nikavaa hedifoni. Nikaweka muziki ili nisimsikie. Nilipozivua kulikuwa kimya, nikafurahi, nikasema afadhali amelala vizuri."

Kilichomjia Bi Dobi kwanza hakikuwa huruma. Alimwona mwanawe kwenye kochi anapigania pumzi, na hatua chache kutoka hapo mtoto wa watu ametulia na muziki wake. Akaona simu ambayo ingepigwa. Akajiona mwenyewe anakimbia na khanga begani, anafika, anamshika mkono. Hasira ilimpanda mpaka masikio yakawa yanavuma.

"Mama yako anajua?"

"Hapana. Hakuna anayejua."

Binti akainua macho kwa mara ya kwanza. Alikuwa akisubiri.

"Si kosa lako," Bi Dobi alisema.

Aliyatamka vizuri, hata sauti haikutetemeka, lakini yalitoka kama "karibu" anayoambiwa mgeni aliyekuja wakati mbaya. Kisha akasema anakwenda kuanua nguo. Nguo zilikuwa bado mbichi. Alisimama kati ya kamba na ukuta, shuka la jirani limemgusa uso, akalia kwa kuuma mdomo ili sauti isifike ndani. Aliporudi alikuta mashati yote yamepigwa pasi na kukunjwa. Binti alikuwa amekaa, mikono imebanwa kati ya magoti.

Siku iliyosalia walitendeana kwa adabu. Bi Dobi alikaanga mayai, akampa mgeni sehemu kubwa. Asubuhi ya Jumapili aliipiga pasi ile suruali iliyopasuka, akaitia mstari mbele, ulionyooka mpaka kwenye tundu na kuendelea upande wa pili. Binti aliivaa vilevile. Mama yake alipofika, Bi Dobi na binti walikumbatiana mlangoni kidogo tu, kila mmoja akiogopa kumbana mwenzake.

"Ahsante kwa kunipokea, Bibi."

"Usome, mama."

Wakahama. Zikapita wiki, zikawa miezi. Binti alituma salamu kupitia kwa mama yake, Bi Dobi akazijibu kwa njia hiyohiyo.

Alasiri moja jirani yake, mke wa seremala, alikuja kusubiri gauni la kwenda nalo kwenye ubatizo. Alikuwa hajalala vizuri kwa sababu ya mjukuu mchanga, kwa hiyo akasinzia kwenye kiti na kuanza kukoroma. Bi Dobi alikuwa anasikiliza taarifa ya habari. Mkoromo ukazidi. Akanyoosha mkono, akaongeza sauti ya redio, akaendelea na kazi.

Pasi ilikuwa haijafika mwisho wa gauni alipogundua alichofanya. Akaizima redio. Akaenda kusimama karibu na yule jirani, akamtazama kifua kikipanda na kushuka. Hakuwa na ubaya wowote na mwanamke huyu. Alitaka tu kusikia habari. Alikaa chini sakafuni, magoti yakimlalamikia, na jirani alipoamka alimkuta hapo analia, akadhani gauni limeungua.

Jioni ileile alipiga simu ya mkwe wake. Alipokea binti mwenyewe, nyuma yake wasichana wakipiga kelele za mchezo.

"Bibi? Kuna nini?"

"Hakuna kitu. Nataka kukwambia si kosa lako."

Kelele zikafifia. Binti alikuwa amesogea pembeni. "Ulishaniambia, Bibi."

"Siku ile nilikuwa nakwambia tu."

"Nilijua."

"Ulijuaje?"

"Nilijua tu. Sauti yako."

Bi Dobi akamsimulia habari ya jirani na redio, moja kwa moja, bila kujipamba. Upande wa pili ikasikika pumzi ya mtu anayelia na hataki wenzake wamwone. Kisha salio la Bi Dobi likaisha, simu ikakatika kabla hawajaagana. Bi Dobi alibaki ameishika mkononi. Ilipolia, binti alikuwa ameazima simu ya mwenzake mwenye salio ili aseme, "Usiku mwema, Bibi," basi.

Likizo hakuja, nauli ilikuwa kubwa. Wala likizo iliyofuata. Kuna Jumapili alipiga simu, na kuna Jumapili hakupiga. Alipopiga, Bi Dobi alimwomba jambo lilelile: amweleze baba yake alikuwaje akifika nyumbani jioni, alikaa wapi, alisema nini. Na binti alieleza alichokumbuka. Bi Dobi alisikiliza amefumba macho, akimlilia upya mwanawe, safari hii yule wa Jumapili jioni, ambaye hakuwahi kumwona.