Nukta ya Baba Mkwe

Shule niliishia darasa la nne, na hilo la nne lenyewe nililimaliza nusu. Lakini majina sijawahi kusahau. Nitajie ukoo wowote wa kwetu milima ya Ileje, nitakuambia nani kamzaa nani, nani aliolewa wapi, na mbuzi wa mahari alikuwa wa rangi gani. Watu wamenisifia jambo hilo miaka mingi, mpaka sifa zikaniharibu kichwa. Humu sitataja jina la mtu hata mmoja. Nikianza la kwanza sitanyamaza, na atakayeachwa atakuja mlangoni kuuliza kosa lake ni lipi.

Goti lilipogoma kupanda mlima nilihamia Tunduma kwa binti yangu mdogo. Ana kibanda cha kuchapa barua, kutoa kopi na kupiga picha za pasipoti, na ndani yake kompyuta mbili kuukuu. Zinatumia mfumo wa Linux. Anasema haidai leseni, tena flashi za wateja haziipi virusi ovyo. Mimi kazi yangu ilikuwa kukaa kwenye kiti cha plastiki na kuwaambia wateja wasubiri. Kazi hiyo nilikuwa naiweza.

Siku moja wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, alishuka kutoka Isongole kuja hospitali, akalala kwetu siku nne. Tukaanza kuzungumzia makaburi ya nyumbani. Misalaba ya mbao mchwa wameimaliza, na vijana wanapita na ng'ombe juu ya babu zao bila kujua. Ukoo ulikuwa umeshapanga kuweka vibao vya zege. Majina yote nilikuwa nayo mimi. Lakini nani amelala wapi, hilo alilijua wifi peke yake, maana ndiye aliyekuwepo kila shimo lilipochimbwa.

"Andika basi," akaniambia. "Wewe si umekuwa karani?"

Binti yangu akanifungulia ukurasa mweupe, akaenda kuhudumia wateja. Wifi akaanza kutaja kutoka kwenye jiwe kubwa kwenda kwenye ua wa mkonge, mstari wa wakubwa, kisha mstari wa watoto. Mimi nikaandika kwa kidole kimoja. Herufi za kibodi hazikupangwa kama nilivyofundishwa. A iko pembeni kama imefukuzwa, na q, ambayo sijawahi kuitumia maishani, wameipa nafasi ya mbele. Wifi alitaja mtu, nikatafuta herufi zake, nilipozipata zote nikawa nimesahau ni mtu gani. Makaburi kumi na manne yalituchukua siku mbili.

Tulipomaliza, mashine ikauliza faili liitwe nani. Hapo pakawa na shida. Makaburi yale kwetu yanaitwa kwa jina la baba mkwe wangu, kwa sababu shamba lilikuwa lake. Na mwanamke wa kwetu hataji jina la baba mkwe wake, wala neno linalofanana nalo, hata mzee akiwa amekufa zamani na mwanamke mwenyewe amekuwa bibi. Tangu nilipoolewa, popote jina lake lilipotakiwa kwenye daftari, niliweka nukta. Nukta hiyo huisomi. Ukiifikia unanyamaza kidogo, unaendelea. Basi nikaweka nukta, na kwa kuwa yeye ni mkubwa nikamtanguliza, ndipo nikaandika makaburi.

Faili likakaa pamoja na mengine. Na nikaona kitu kilichonifurahisha. Mle ndani kulikuwa na folda nyingi ambazo nazo zilianza kwa nukta. Nikamwita wifi aangalie.

"Huyu aliyetengeneza mashine hii kalelewa," nikamwambia.

Wifi akainama karibu na kioo, akazihesabu kwa kidole. "Kalelewa, ndiyo. Lakini mbona kaolewa mara nyingi hivi?"

Tulicheka mpaka mteja mmoja aliyekuja kutoa kopi ya kitambulisho akaahirisha.

Wifi alirudi Isongole, na kabla mahindi hayajakauka tukapanda kumzika. Kwa hiyo wakawa kumi na watano. Kaburi lake nalijua, nilikuwepo.

Kiangazi ukoo ukachanga saruji. Fundi wa zege wa kule Isongole akamwaga vibao, akaandika majina niliyomtajia kwa simu, la baba mkwe akitajiwa na binti yangu, akavipanga ukutani kwake vikauke. Jumamosi ndiyo ilikuwa siku ya kuviweka. Alichokuwa anangoja kutoka kwangu ni mpangilio tu, kipi kianze na kipi kifuate. Nikamwambia asiwe na haraka, upo kwenye kompyuta. Nilipenda sana kulisema hilo.

Wiki hiyohiyo kompyuta zikapandishwa toleo. Fundi wa kompyuta anatoka Vwawa, mtu mzima mwenye familia yake, mpole wa maneno. Alisema toleo la zamani halipewi tena marekebisho, akaweka jipya, na mashine ilipowaka nikadhani tumeletewa ya mtu mwingine. Pale chini palipokuwa na mstari mmoja wa vitufe sasa palikuwa na miwili, mmoja umelala juu ya mwenzake. Maandishi yamekuwa madogo kama sisimizi. Kishale cha mausi kikawa kinaonekana kinapotaka chenyewe.

"Shida ni mipangilio ya zamani, bibi," akanieleza, kwa sababu nilikuwa nimemsimamia begani. "Kila mtumiaji ana folda yake inayokumbuka anapenda nini: rangi, ukubwa wa herufi, vitufe viwe wapi. Uso mpya wa kompyuta umeikuta folda ya uso wa zamani, unajaribu kuitii. Haziivani."

"Sasa utaitupa?"

"Siitupi. Naibadilisha jina, naiweka kando. Uso mpya uanze na yake. Halafu vile anavyovihitaji mama hapa navirudisha kimoja kimoja, nikiangalia kipi kinaleta ugomvi."

Nilimwelewa kabisa. Mtu akihamia nyumba mpya haingizi vyungu vyote kwa mkupuo. Fundi akafanya hivyo, mstari wa chini ukabaki mmoja, herufi zikarudi ukubwa wake, kishale kikatulia. Alipofunga begi akasema, "Mafaili yenu sijagusa hata moja." Nikamshukuru, nikamtolea ndizi za njiani.

Jumatano asubuhi nikaenda kufungua faili langu. Halipo. Nikatazama juu, nikatazama chini, nikasafisha miwani, nikatazama tena. Hata zile folda zenye wakwe hazikuwepo. Palikuwa peupe, pamefagiliwa. Nikasema moyoni, kumbe ule upole ulikuwa na sababu.

Binti yangu akaacha mteja akaja. "Faili lilikuwa linaitwaje, mama?"

"Makaburi."

Akaandika makaburi kwenye kisanduku cha kutafutia. Zikaja ratiba saba za mazishi ya watu wengine, wateja wake.

"Makaburi tu? Hukuongeza kitu?"

"Makaburi," nikasema. Nilinyamaza kidogo kwanza, kama inavyotakiwa, lakini yeye hakuelewa ule unyamavu. Na Mungu anajua sikumdanganya. Nukta ile haisomwi. Kwa miaka yote hiyo sikuwahi kumtamkia mtu nukta, na sikuona kwa nini nianze siku hiyo.

Nikaanza kazi nyingine, ya kumsema fundi wa Vwawa. Nilimsema kwa jirani anayeuza vitenge. Nilimsema kwa mama mmoja wa upande wa Zambia aliyekuja kuchapisha fomu, naye akaniambia, "Awe, bamayo, pole mama," akaangalia kompyuta kwa mashaka, akachukua fomu zake akaenda kwingine. Binti yangu akaniomba kwa upole niwe nakaa ndani.

Alhamisi nikajiambia, mwanamke unahangaika na mashine ya nini? Kichwa si hiki hapa? Nikampigia fundi wa zege.

"Chukua chaki," nikamwambia. "Andika namba nyuma ya vibao."

Nikamtajia wote, kutoka kwenye jiwe kubwa mpaka kwenye ua wa mkonge, bila kupumzika. Nilipofika mstari wa watoto sauti yangu ilikuwa imeshaota mbawa.

"Una hakika bibi?" akauliza. "Maana zege likishashika, kung'oa ni kwa nyundo."

"Unamuuliza nani hivyo?"

Akaandika namba zake. Nilikata simu nikiwa nimeridhika.

Binti yangu hakuridhika. Ijumaa jioni alimpigia fundi wa kompyuta bila kuniuliza, akaweka sauti ya nje, simu akaiegesha kwenye mashine ya kopi. Nikageuzia uso ukutani.

"Shikamoo bibi," simu ikasema.

"Marahaba." Nilimwitikia kavu.

"Nasikia nimekupotezea faili. Nisaidie, uliliandika jina vipi, herufi kwa herufi? Linaanza na herufi gani?"

"Halianzi na herufi."

"Namba?"

"Wala namba."

Binti yangu akanitazama. "Mama, linaanza na nini sasa?"

"Na kitu kisichosemwa," nikasema.

Nilisikia pikipiki ikipita kule Vwawa. Kisha fundi akauliza polepole, kama mtu anayemtoa mtoto mwiba, "Bibi, hicho kitu kisichosemwa, ni kidogo? Kiko chini ya mstari?"

"Ni nukta," nikasema, nikajifunika mdomo na khanga. Nilikuwa nimelitaja.

Alicheka mpaka akakohoa, akaomba radhi, akacheka tena. Ndipo akaeleza. Kwenye Linux, kitu kinachoanza kwa nukta kinafichwa. Folda za mipangilio zote zinaandikwa hivyo ili mtu asizikanyage kwa bahati mbaya. Mashine ya binti yangu zamani ilikuwa inaonyesha kila kitu kwa sababu yeye fundi aliwahi kuiamuru ionyeshe akasahau kuirudisha, na amri hiyo ilikaa ndani ya ile folda ya mipangilio aliyoiweka kando. Uso mpya haukuijua. Ukaficha.

"Shika kontrol, bonyeza H," akasema.

Binti yangu akabonyeza. Wakwe wote wakarudi kwa pamoja, na katikati yao faili langu. Hata vumbi halikuwa nalo.

"Kwa hiyo ni mimi niliyelificha," nikasema.

"Ni wewe bibi. Na ulilificha vizuri."

"Ndizi zangu ulikula?"

"Nilikula."

"Basi tusemane kwa wema."

Binti yangu akachapa ukurasa, akanipa. Nikauweka chini ya taa, na kwa mara ya kwanza nikausoma. Ule wakati wa kuandika nilikuwa naandika herufi, sikuwa nasoma. Kidole changu kikashuka kwenye mistari, na kila kiliposhuka mimi nami nikawa napungua. Kati ya kumi na wanne nilikuwa nimemtajia fundi wa zege watano mahali pasipo pao. Shemeji mmoja nilimlaza kwa mke wa ndugu yake.

Nikafika mstari wa watoto. Mtoto wangu wa kwanza alikufa ana miezi mitano. Enzi zile mama mfiwa wa mtoto mchanga alibaki ndani na wanawake, hakupelekwa makaburini. Wifi ndiye aliyembeba. Baadaye, nilipoweza kutoka, nilimuuliza mama mkwe yuko wapi, akaninyooshea mkono kwa mbali: kule kwenye ua wa mkonge. Nikaenda kwenye ua wa mkonge, nikakuta kaburi dogo la mwisho, na toka siku hiyo kila mwaka kabla ya Pasaka nikawa nalipalilia, hata baada ya goti kugoma nikishikwa mkono. Zaidi ya miaka arobaini.

Karatasi ilisema la mwisho kwenye ua ni la mtoto wa wifi. Wangu ni wa pili kutoka mwisho.

Nilimpigia fundi wa zege usiku ule ule, nikamwambia afute chaki. Aliuliza afute zipi. Nikamwambia zote, aandike upya, safari hii nasoma. Alikuwa muungwana, hakunikumbusha nilivyomjibu jana.

Jumamosi tukapanda gari la asubuhi kupitia Mpemba, tukafika Isongole jua halijawa kali. Kupanda kilima walinishika mikono huku na huku kama mshtakiwa. Mafundi walikuwa wamefika, vibao vimeegemezwa kila kimoja mahali pake. Mpwa wangu mmoja akaanza kunisifia mbele ya watu, kwamba bibi huyu kichwa chake ni daftari, mpangilio wote kautoa yeye. Nikamwambia atazame karatasi mkononi mwangu na anyamaze. Akadhani ni unyenyekevu.

Walipoanza kukoroga zege nikaenda mwenyewe kwenye mstari wa watoto. La mwisho lilikuwa safi kama sebule, kazi ya mikono yangu. La pili yake lilikuwa na majani, lakini majani machanga ya msimu mmoja, na udongo chini yake laini, udongo uliozoea jembe. Nikasimama pale nikahesabu. Msimu mmoja ndio muda ambao wifi alikuwa ameshatuacha.

Alijua tangu lini, sijui. Labda aliniona pale kwa mwanawe mwaka wa kwanza, akaona haya kunihamisha mama mfiwa, akachukua kupalilia la kwangu. Labda alidhani ndivyo tulivyokubaliana. Na siku ile kibandani alinitajia wazi, mmoja baada ya mwingine, nami nilikuwa natafuta herufi.

Nikaomba jembe. Wakasema bibi, goti, tutafanya sisi. Nikawaambia nipeni jembe. Nikapalilia la mwanangu polepole mpaka kwenye mzizi, wakaja wakaweka kibao chake. Kisha nikasogea kwenye lile la mwisho, nikang'oa majani mawili yaliyokuwa yameanza kuchipua, maana sasa huyo naye hana mwingine wa kumpalilia.