Konveta Ndogo na Mlima wa Nakasero

Goti langu la kushoto halikunjiki. Lilivunjika nikiwa msichana, likaungwa vibaya, na tangu hapo mambo ya klachi nimewaachia wenye magoti mawili. Kwa hiyo miaka ile ya utawala wa wanajeshi, Kampala nzima gari nililoweza kuendesha lilikuwa moja tu: pikapu ya Kimarekani, ya otomatiki isiyo na klachi, niliyoinunua kwa mtu wa ubalozi aliyekuwa anafunga mizigo mbio mbio. Nilikuwa mjane. Nilipakia matoke na makaa upande wa Bugolobi, nikayapandisha hadi jikoni kwa hoteli moja juu Nakasero, na wanangu wakala.

Injini yake kubwa ilikufa. Vipuri? Wenye maduka walikuwa wamefukuzwa nchini, na waliopewa maduka yale waliuza mpaka rafu. Tukapata injini ndogo ya ukoo uleule, tukaitia, tukamshukuru Mungu. Kwenye tambarare ilikwenda vizuri tu. Mlimani na mzigo, ukisimama, kuondoka tena ni kwa dua. Unakanyaga mafuta, injini inaguna, inakohoa, na gari linarudi nyuma.

Na wanajeshi nao, wapi pengine pa kuweka kizuizi chao ila katikati ya mlima ule?

Siku moja nilirudi nyuma mpaka nikagusa bampa ya jipi yao. Koplo akaja dirishani. "Wewe mama! Gari yako naogopa sisi?" Wenzake wakacheka. Yeye hakucheka. "Narudi nyuma mara moja ingine, nabaki hapa. Ufunguo mimi nachukua."

Haikuwa mzaha. Magari yaliyobaki pale tuliyaona baadaye mjini, yakiendeshwa na watu tusiowajua, na mwenyewe anapita kwa miguu akitazama chini. Nilifika nyumbani nikalia kwa hasira. Halafu nikanawa uso, nikaenda kwa fundi.

Fundi wangu alikuwa mzee wa kaskazini aliyestaafu karakana ya jeshi, na gereji yake ilikuwa Wandegeya. Shemeji yangu, mdogo wake marehemu mume wangu, alinifuata. Alikuwa mpakizi wangu na mtani wangu. Fundi alisikiliza injini, akasema tatizo ni konveta. Hilo ni bakuli la chuma lililozibwa, lenye mafuta ndani, linakaa kati ya injini na giaboksi. Kwenye otomatiki ndilo linalofanya kazi ya klachi. Yangu ilikuwa imechoka. Katika vyuma chakavu vyake alikuwa nazo mbili za kufaa: moja pana kama sinia la pilau, nyingine ndogo, iliyotolewa kwenye gari la mashindano la kijana mmoja aliyekimbia nchi.

"Mzigo mkubwa, konveta mkubwa," akasema fundi.

"Hata mimi nisiye fundi najua," akasema shemeji.

Nikawaka. "Kwani injini iliyomo humo ni ile kubwa? Hebu niambie, mzee, hilo sinia linaushika mzigo wakati gani?"

Akasema linashika mapema, injini ikiwa bado inazunguka polepole.

"Basi ndiyo shida yenyewe! Unamwamsha mtu na kumtwika gunia kabla hajakaa kitako. Na hiyo ndogo?"

Hiyo ndogo, akasema, inaiacha injini izunguke kwanza, ipate nguvu, ndipo ishike. Lakini kwenye gari la yule kijana ilichelewa mno kushika, mtaa mzima ukaziba masikio. Gari la barabarani halifai hivyo. Kisha akajikuna kidevu. Nilimwona anafikiri, nikaufunga mdomo wangu, jambo ambalo si kawaida yangu.

"Ile injini ya kijana likuwa na nguvu sana," akasema taratibu. "Hii yako iko na nguvu kidogo. Kwa hii, konveta tashika mapema zaidi. Kati kati." Halafu akaninyooshea kidole. "Lakini takula petroli, mama. Na oili nachemka."

"Petroli nitapanga foleni. Gari lililochukuliwa halinywi petroli, mzee. Oili itafutie cha kuipoza."

Akacheka, akaenda kutafuta rejeta ya gari dogo. Aliitia ile konveta ndogo, akaifunga rejeta hiyo mbele ya ile kubwa, akapitisha mipira ya oili humo, akakaza na breki ya mkono mpaka ikalia. Tulipolijaribu uani, injini ilinguruma kwanza kabla gari halijasogea. Shemeji akashika kiuno. "Debe tupu haliachi kuvuma!"

"Subiri," nikamwambia. Lakini moyoni niliogopa. Kama nimekosea, nimejipokonya gari mwenyewe.

Asubuhi iliyofuata tulipakia matoke mpaka springi zikalala. Kizuizini, koplo yuleyule, anakunywa soda. Alinitambua. Akakagua mzigo, akazunguka nyuma, akaisimamisha chupa yake nyuma ya gurudumu, imegusana na tairi. Akarudi dirishani, akanyoosha mkono, kiganja wazi. "Haya, enda. Chupa naanguka, leta ufunguo."

Shemeji akaanza kusoma dua. Nikavuta breki ya mkono, nikatia gia, nikakanyaga mafuta. Injini ikapanda, ikapanda, ikanguruma, na gari halikusogea hata kidogo. Wanajeshi wakapiga mayowe. Kile kiganja kikasogea mpaka karibu na usukani. Nikasikia gari linajivuta mbele, linataka kwenda. Nikaachia breki.

Yallah! Lilipanda! Halikurudi hata unene wa ukucha. Lilipanda na matoke yake yote, na mimi nikipiga usukani kwa kofi na kupiga vigelegele kama niko harusini. Shemeji alitoa kichwa nje kutazama nyuma. "Imesimama! Shemeji, chupa imesimama!"

"Debe tupu halipandishi matoke," nikamjibu.

Tangu siku hiyo koplo hakuniacha. Kila nikifika, hata barabara ikiwa tupu, lazima anisimamishe, na chupa nyuma ya gurudumu. Nilidhani bado anautaka ufunguo, mpaka asubuhi moja nilipoondoka nikamsikia nyuma yangu akimfokea askari mgeni, "Mimi nakwambia huyu mama harudi nyuma! Leta sigara yangu!"

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Halafu nikalipeleka gari langu juu, hotelini, kwa sababu wapishi walikuwa wananisubiri.