Nusu Saa ya Betri

Miaka tisa nawapikia wanafunzi wanaokuja kupima mtetemo wa volkano, na sikuwahi kugusa chombo chao cha kupimia. Jumanne nikachomoa waya wake kwenye betri ili nichaji simu, nisikie sauti ya mjukuu wangu. Nusu saa tu! Na mlima nao, bila haya, ukachagua nusu saa hiyohiyo kutikisika.

Chombo hakikurekodi kitu, na mbele ya wenzake wote mwalimu wao akamfokea binti aliyefunga nyaya zile, eti hakuzikaza. Mimi nikaendelea kukoroga mchuzi.

Jioni nilimjazia binti yule sahani ikafurika. Akanishika mkono, macho mekundu.

"Bibi, wewe tu ndiye hujanilaumu."

"Kula, mjukuu wangu," nikamwambia. "Chakula kitapoa."