Waifai Niliyomwekea Mjukuu

Mwanamke niliyemwonea wivu kuliko wote maishani mwangu hakuninyang'anya mume. Alininyang'anya mjukuu, tena kwa waifai.

Ni mkwe wangu, mama mzazi wa mke wa mwanangu. Amestaafu kutoka benki na anakaa Donholm, hapa Nairobi, kwenye nyumba yenye geti jeusi na bafu la maji moto. Mimi nakaa Kaloleni, katika nyumba ileile tuliyopewa marehemu mume wangu alipokuwa akifanya kazi reli, na nimestaafu kutoka ofisi moja kubwa ya mjini ambako nilikuwa opareta wa simu. Vijana hawaijui kazi hiyo, basi nieleze. Mtu akipiga simu ofisini, mimi ndiye niliyepokea kwanza, kisha nachomeka waya kwenye ubao uliojaa matundu na kumuunganisha na anayemtaka. Kutwa nilisikia sauti bila kuona nyuso. Bosi ananiambia niseme hayuko, na anayepiga naye ananiambia ni jambo la dharura, kumbe anataka kuomba pesa tu. Ukikaa kwenye kazi hiyo muda mrefu, sikio linaujua uongo kabla mtu hajamaliza kusema.

Mjukuu huyo nilimlea mimi. Nalisema kwa sauti kwa sababu kuna watu siku hizi wamejitia kusahau. Wazazi wake wako Tassia, ghorofa ya juu kabisa, na wote wawili wanafanya kazi. Mwanangu huwajibu wateja wa nchi za mbali kwa kompyuta, kwa hiyo analala mchana na kuamka watu wengine wakirudi nyumbani. Mkewe hutoka alfajiri. Kwa hiyo mtoto alipoacha kunyonya aliletwa kwangu na begi la nepi na maelezo marefu kuhusu uji, kana kwamba huyo baba yake alikulia kwa jirani. Akakua hapa, akicheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira, na watoto wa laini yetu ya nyumba kwenye nyasi zilizo mbele ya nyumba, na jioni akiingia ndani na magoti mekundu kwa vumbi. Hata alipoanza shule huko kwao, kila likizo ilikuwa yangu.

Wakati wote huo mkwe wangu alikuwa benki. Alikuja Krismasi na gauni ambalo daima lilikuwa dogo, kwa sababu hakujua mtoto amefika wapi, akapiga picha, akaenda zake. Kisha akastaafu. Nepi zimekwisha, surua imekwisha, kukojoa kitandani kumekwisha, ndipo shosho, kama mtoto anavyomwita bibi yake huyo, akajitokeza na kucha zake za rangi na muda wote wa dunia. Hilo ndilo lililoniuma, na bado linaniuma ninapoliandika.

Mtoto alikuwa gredi ya saba likizo ya Agosti ilipokaribia. Nilikuwa nimeshafua blanketi lake na kulianika. Mwanangu akapiga simu.

"Mama, safari hii anataka kwenda kwa shosho."

"Anataka nani?"

"Yeye mwenyewe. Tulimuuliza."

Walimuuliza! Mimi nilipokuwa na umri huo hakuna aliyeniuliza kitu. Uliamshwa gizani, ukavalishwa viatu, na jua likichomoza unajikuta kwa bibi Kakamega, umeshapewa jembe. Sisemi ilikuwa vizuri. Nasema bibi zetu hawakulazimika kupigiwa kura. Siku hizi mtoto anaulizwa anataka kula nini, anataka kuvaa nini, anataka kulala kwa nani, na sisi wazee tunangoja matokeo.

Nilivumilia wiki ya kwanza. Wiki ya pili nikabeba mahindi mabichi na mboga ya mrenda, nikaenda Donholm kumsalimu mkwe, maana adabu inaruhusu. Niliwakuta sebuleni. Mtoto alikuwa amelala kwenye kochi, miguu yake iko mapajani mwa yule mama, naye anampaka rangi kucha za vidole huku wote wawili wakicheka kitu kwenye simu. Miguu ile nimeipaka mafuta tangu ikiwa na ukubwa wa maganda ya njugu. Nikakaa chini kabla sijakaribishwa.

"Karibu sana, mkwe," akasema, na akainuka haraka kuweka chai. Mtu mzuri. Hilo nalo liliniudhi, kwa sababu ingekuwa rahisi kama angekuwa na kiburi.

Alipokuwa jikoni nikamuuliza mtoto atakuja lini.

"Nyanya, nakumisi, lakini kwako hakuna waifai. Nitaboeka, manze."

"Zamani ulikuwa huboeki."

"Zamani nilikuwa mtoto."

Nilikunywa chai ile bila kujua kama ina sukari. Nilipofika nyumbani, kabla sijavua kitambaa cha kichwa, nilimpigia mwanangu nikamwambia nataka waifai.

"Mama, na wewe waifai ya nini? Hata picha hujui kutuma."

"Mimi nimeunganisha simu kabla wewe hujazaliwa. Nitafutie mafundi."

Wakaja mafundi. Ukuta wa nyumba za Kaloleni haukujengwa kwa mchezo, na drili yao ilianza kunuka moshi kabla haijatokea upande wa pili. Jirani yangu mwenye duka, ambaye wazee wake walitoka Pwani na hajawahi kuuacha mzaha wa huko, akatoka kibarazani kwake kutazama.

"Eh, shoga, ndiyo umekuwa wa Donholm?"

"Ni ya mtoto."

"Mtoto mmoja na waya wote huo? Sema tu wivu umekukaba. Sisi si wageni."

Nilimwambia aende akapime mchele wake. Lakini alikuwa amesema kweli, na nilikuwa sina haya. Nilikitazama kile kisanduku kikiwaka taa zake ukutani, chini ya picha ya harusi yangu, nikajiona mshindi. Jioni hiyohiyo vijana wa laini nzima walikuwa wamekaa kwenye ngazi yangu, kimya, vichwa vimeinama, hata salamu wananipa bila kuinua macho. Miaka yote nimekuwa nikilalamika kwamba vijana hawakai na wazee. Sasa walikuwa wamekaa.

Desemba mjukuu alikuja bila kuulizwa mara mbili. Alinikumbatia mlangoni, mrefu kuliko nilivyomwacha, akaunganisha simu yake, akasema, "Nyanya, hii ni kali kuliko ya shosho!" Sijawahi kusifiwa hivyo kwa kitu chochote. Nililala kwa raha.

Asubuhi nikiwa nakanda maandazi, akaingia jikoni, akaegemeza simu kwenye kopo la sukari, na kabla sijamuuliza anafanya nini, sauti ikasema jikoni mwangu, "Shosho ameamka! Umelala vizuri, mpenzi wangu?"

Nikainua macho. Mkwe wangu alikuwa amenikazia macho kutoka kwenye kopo langu la sukari, amefunga leso, ana kikombe mkononi.

"Hujambo, mkwe? Naona unakanda maandazi."

Nikasema sijambo.

Tangu siku hiyo aliingia kwangu kila asubuhi bila kubisha hodi. Aliona mapazia yangu. Aliona sufuria yangu iliyobonyea. Aliniuliza mrenda huwa naweka magadi kiasi gani, na mtoto akasogeza simu karibu na chungu ili aone vizuri. Mimi niliyekuwa nimefanya kazi ya kuunganisha watu maisha yangu yote, nikajikuta nimeunganisha adui na jiko langu, tena kwa gharama yangu. Jirani mwenye duka aliposikia alicheka hadi akashika ukuta.

Siku moja nilikizima. Nilikivuta waya kile kisanduku nikasema waifai imepotea, labda mafundi wanatengeneza huko mbele. Mtoto alinung'unika, akazunguka sebule, akalala sakafuni, mwishoni akatoka nje. Baada ya muda nikasikia kelele kwenye nyasi. Nilichungulia dirishani nikamwona katikati, anakwepa mpira wa soksi na karatasi, nywele zimejaa majani, anapiga mayowe kama zamani. Nilikaa pale dirishani nikashona kifungo ambacho hakikuwa kimekatika, ili tu nisiondoke. Huyo alikuwa wangu. Donholm hakuna kati, nilijiambia, kule kuna mageti.

Jua lilipotua, moyo ukalainika nikaurudisha waya. Aliingia ndani anahema, magoti mekundu kwa vumbi, akanipita moja kwa moja, akachukua simu.

"Shosho! Huwezi amini, nimecheza kati! Nimewatoa wote!"

Akamsimulia yote, kila mpira, kila aliyeanguka. Mimi niliyeona kwa macho yangu nikawa nasikiliza kutoka jikoni, kama opareta.

Siku ya mwisho kabla ya kurudi Tassia nilimsuka. Kila likizo lazima nimsuke kabla shule hazijafunguliwa, na hilo sikukubali limpite hata kwa waifai. Alikaa chini katikati ya magoti yangu, simu ameishika mbele, na mkwe wangu akiwa ndani yake anatazama vidole vyangu.

"Mkwe, mimi mkono wa kusuka sina," akasema. "Wanangu nilikuwa nawapeleka saluni tu. Sikuwahi kuwa na muda."

Niligawanya nywele kwa chanuo na nikajiambia, basi kimoja bado ni changu. Nyuma ya kichwa cha mkwe, mle simuni, niliona ile sebule kubwa, makochi yamepangwa vizuri, hakuna aliyeyakalia.

Shule zikafunguliwa. Mtoto akanunuliwa simu nzuri kuliko ile, ya masomo, walisema. Nilidhani sasa atanipigia, maana nilikuwa na waifai na nilikuwa nimejifunza kupokea simu ya video bila kuonyesha dari. Kimya. Nikampigia, ikaita, haikushikwa. Baadaye akanitumia kikaragosi, katuni ndogo ya simuni inayopunga mkono. Nilikiangalia siku nzima. Hata hivyo nilijua mambo yalivyo: yuko na shosho. Anaamka, anaegemeza simu kwenye kitu fulani huko Tassia, na yule mama anaingia na kikombe chake. Nilimwona hivyo kila asubuhi nikikanda unga, na wivu ukawa unanila polepole.

Nikamuuliza mwanangu, kama kwa bahati tu, mtoto huwa anaongea na nani.

"Na marafiki zake, Mama. Anaweka vitu masikioni, anafunga mlango. Hata sisi tunamwona wakati wa kula tu."

Sikumwamini. Mwanangu hulala mchana, ataona nini?

Kisha asubuhi moja, maandazi yakiwa kwenye mafuta, simu ikalia ya video. Nilifuta mikono haraka hadi nikajipaka unga usoni. Ilikuwa Donholm. Mkwe wangu, peke yake, leso kichwani.

"Hujambo, mkwe?"

"Sijambo. Kuna tatizo?"

"Hapana. Nilikuwa napita tu." Akanywa chai kidogo. "Yule mtoto wetu huwa anakupigia?"

Nilimwangalia. Ningeweza kusema kweli, kwamba tangu Januari nina kikaragosi kimoja. Lakini nilimkumbuka na ile miguu mapajani mwake, na mdomo ukajisemea wenyewe.

"Ah, sana. Jana tu tumeongea, tena kwa muda mrefu."

Akazungusha kikombe mkononi. "Hata mimi," akasema. "Jana hiyohiyo. Hamalizi maneno, yule."

Nimesikiliza sauti za watu maisha yangu yote. Aliishusha ile "hata mimi" mwishoni, kama walivyokuwa wakiishusha mabosi wangu waliposema wako mkutanoni. Hakuwa amepigiwa. Hakuwa amepigiwa siku nyingi, pengine tangu siku ile ya kusuka. Na kwa jinsi alivyokuwa akiniangalia, bila kupepesa, nikajua benki nako watu hujifunza kuutambua uongo.

Kazini, laini ikinyamaza namna hii tulikuwa tunachomoa waya na kumpa anayengoja. Hapa hakukuwa na anayengoja.

"Unapika nini leo?" nikamuuliza.

"Wala sijui. Kumpikia mtu mmoja ni kazi."

Nyuma yake sinki lake lilikuwa linang'aa, na mfereji wake wa maji moto, na nitasema ukweli, wivu haukuniisha. Nililitoa andazi la mwisho kwenye mafuta. Kisha nikaiegemeza simu kwenye kopo la sukari, palepale mtoto alipokuwa akiiweka, nikavuta sukuma wiki karibu na kuanza kukata, polepole, ili aone.